Kama saratani haiondolewi, baba apasuliwe kwa nini?

"Assalamu alaykum, daktari. Babangu ana miaka 63, ni mvuvi hapa Amu, kisiwani Lamu. Kwa miezi minne sasa akila matonge mawili matatu anashiba, na jioni anatapika alichokula asubuhi, kizima kizima, hakina hata unjano. Tulimpa dawa za vidonda vya tumbo, zikamtuliza kidogo, kisha hali ikarudi. Amekonda mpaka kikoi hakikai kiunoni. Mombasa walimtia kamera wakaona uvimbe kwenye mlango wa kutokea tumbo, na kinyama kilichopimwa kimeonyesha ni saratani. Picha ya CT imeonyesha madoa mawili kwenye ini. Daktari wa upasuaji anasema uvimbe hautoki, ila anaweza kuunganisha tumbo na utumbo ili baba apate kula. Ami zangu wanasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa, na kama haitolewi basi faida ya kumpasua ni nini. Kakangu naye amesikia kuna waya unaowekwa kwa kamera bila kupasua. Baba mwenyewe anasema anachotaka ni kunywa kahawa yake na kula mkate tu. Tushike lipi?"

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole kwa kuuguza. Kabla sijafika kwenye kisu na waya, nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita: kwamba baba anatapika jioni alichokula asubuhi, na matapishi hayana unjano. Mtu akiniambia hivyo tu, najua palipoziba hata kabla sijaona picha.

Chakula kikishuka huingia kwenye mfuko wa tumbo, husagwa humo na kuchanganywa na asidi, kisha hutolewa kidogo kidogo kupitia mlango mwembamba wa misuli kuingia kwenye utumbo mwembamba. Nyongo inayotoka kwenye ini humwagika kwenye utumbo, baada ya mlango huo. Kwa hiyo aliyezibwa hapo mlangoni hutapika chakula bila nyongo, na hutapika baada ya saa nyingi, kwa sababu mfuko hujaribu kwanza kujipanua upokee. Halafu mate hayakomi. Mtu mzima humeza kiasi cha lita moja ya mate kwa siku, na tumbo lenyewe hutoa maji yake kama lita moja na nusu au zaidi. Baba hata asipotia kitu kinywani, tumbo litajaa na litatapika. Nimewasikia watu wa nyumbani wakimgombeza mgonjwa, "hujala kitu, unatapika nini?", naye akajiona ana kosa. Hana kosa lolote.

Hayo matapishi yamejaa asidi na chumvi. Yakimwagika kila siku, mwili unakauka na damu inapungukiwa asidi. Figo zinahangaika kuyashika maji yaliyobaki, na katika kuhangaika huko zinaiachia potasiamu ipotee kwenye mkojo. Potasiamu ikishuka, misuli inalegea, miguu inakuwa mizito, na moyo unaweza kuanza kwenda ovyo. Nilipokuwa daktari kijana, katika hospitali moja niliyofanyia kazi, tulimwingiza mgonjwa wa namna hii chumba cha upasuaji siku aliyofika, kwa huruma ya kutaka kumsaidia upesi. Moyo wake ulisimama kabla hatujamaliza, na hakuamka. Saratani haikuwa imemfikisha hapo bado. Alikufa kwa kukosa maji na chumvi, vitu ambavyo tungeweza kumrudishia kwa siku nne.

Ndiyo maana jibu langu la kwanza si kisu wala waya. Mpelekeni hospitali ya King Fahd sasa, hapo hapo Amu, aanzishiwe dripu ya maji ya chumvi na apimwe potasiamu na figo. Mkojo ukianza kutoka vizuri ataongezewa potasiamu kwenye dripu kwa kipimo. Dripu ya sukari peke yake haimfai, na kwa mtu aliyekaa na njaa kwa miezi apewe vitamini B1 kabla ya sukari, la sivyo ubongo unaweza kudhurika. Madafu yana potasiamu, ni kweli, na najua mmemnywesha mengi. Lakini dafu lisilopita mlangoni haliufikii utumbo, na utumbo ndio unaofyonza. Linarudi nje na kuondoka na asidi nyingine.

Watamtia pia mpira mwembamba kupitia puani hadi tumboni. Huku kwetu pwani mpira huu umeshapewa jina baya; watu husema aliyetiwa mpira ndiyo basi tena. Mimi nauona kwa jicho jingine. Ukiingia, hutoka lita mbili au tatu za uchafu uliolala humo kwa siku nyingi, na usiku huo mgonjwa hulala usingizi ambao hajaupata kwa wiki. Tumbo nalo hupata nafasi ya kusinyaa, na hilo litamfaa baadaye kwa sababu nitakazoeleza. Mwombeni daktari aache mpira uwepo hata wakati wa safari. Kutoka Mokowe, mnakoshukia mashua bara, hadi Mombasa kwa basi na tumbo lililojaa ni mateso, na mtu mdhaifu anaweza kupaliwa matapishi yakaingia mapafuni.

Jingine la kuuliza huko ni sindano za kuzuia kutapika. Ile ya metoklopramidi, inayotolewa sana, hulisukuma tumbo lifanye kazi kwa nguvu. Mlango ukiwa umeziba kabisa, kulisukuma kunaleta msokoto na kutapika zaidi. Zipo dawa nyingine zinazotuliza kichefuchefu bila kusukuma.

Sasa ami zako. Siwabezi, kwa sababu wanayoyasema wameyaona kwa macho. Zamani, na hata leo, wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Wakapasuliwa, daktari akakuta ugonjwa umeenea, akafunga, na baada ya wiki chache mgonjwa akafariki. Aliyeko nyumbani anaona kisu, kisha anaona kifo, anaviunganisha. Lakini madoa ya ini ya baba yako yalikuwepo kabla ya mtu yeyote kumgusa. Saratani ya tumbo husafiri yenyewe kwa damu na kwa mishipa ya limfu, wala haingoji kisu. Katika upasuaji huu uvimbe wenyewe haukatwi. Daktari anakaa mbali nao.

Umeuona mtaa wa Mkomani hapo Amu, zile nyumba zenye wikio, chumba kinachopita juu ya uchochoro kikaunganisha nyumba na nyumba? Aliye ndani anavuka kwa jirani bila kushuka barabarani. Upasuaji wa baba ni kazi ya namna hiyo. Mlango wa barabarani umezibwa na hatuwezi kuuzibua. Tunachukua mkunjo wa utumbo mwembamba, tunaupandisha hadi kwenye mfuko wa tumbo, tunatoboa huku na huku tundu la upana wa vidole vitatu hivi, kisha tunashona kingo kwa kingo. Chakula kinavuka moja kwa moja. Uvimbe unabaki pale ulipo, na chakula hakina haja nao tena. Kwenye karatasi za hospitali mtaona imeandikwa gastrojejunostomi.

Jambo hili halikubuniwa juzi. Mwaka 1881 mjini Vienna, daktari Anton Wölfler alimfungua mtu mwenye saratani ya mlango wa tumbo akitaka kuuondoa uvimbe. Alipokuta hautoki, akaunganisha tumbo na utumbo. Upasuaji wa kwanza wa namna hii ulizaliwa siku hiyo, na ulizaliwa kwa mgonjwa kama baba yako. Tangu hapo tumejifunza mambo. Tundu liwekwe sehemu ya chini ya tumbo, lakini mbali na uvimbe ili usije ukalifikia. Mkunjo wa utumbo mara nyingi tunaupitisha mbele ya utumbo mpana, si nyuma yake, kwa sababu huko nyuma ndiko uvimbe unakoelekea ukikua. Wengine huligawa tumbo kwa sehemu, chakula kisiuendee mlango wa zamani. Palipo na vifaa kazi hii hufanywa kwa matundu madogo na kamera, na mgonjwa hupona upesi zaidi. Lakini msikae mkisubiri matundu madogo huku baba anakauka. Mkono mzuri na chale ya wazi unatosha.

"Faida ni nini kama hautolewi?" Hili ni swali zito, na nitalijibu bila kuficha. Kwanza hakikisheni kwamba kweli hautolewi. Kuziba mlango peke yake si ushahidi. Uko uvimbe ulioziba kabisa na bado ukatolewa wote, na kwa mgonjwa huyo kuutoa ndiyo tiba iliyo bora. Kinachobadili hesabu ya baba ni yale madoa. Muulizeni daktari wazi: mtaalamu wa picha ana hakika kuwa ni saratani, au yanaweza kuwa vivimbe vya maji au vya mishipa ya damu ambavyo watu wengi wanavyo bila madhara? Kama ana hakika, basi ugonjwa umeshatoka tumboni. Utafiti wa Japani, Korea Kusini na Singapore uliochapishwa mwaka 2016 uliwatazama wagonjwa ambao saratani yao ya tumbo ilikuwa imeshasambaa. Kutoa tumbo kwanza na kuleta kemotherapia baadaye hakukuwaongezea maisha kuliko kemotherapia peke yake. Daktari wenu amefanya sawa kukataa operesheni kubwa isiyo na malipo.

Faida ya wikio basi ni kula. Neno dogo, lakini fikiri baba ameishi miezi minne bila hilo. Akila atapata nguvu, na nguvu ndiyo inayomwezesha kupewa kemotherapia, ambayo kwa saratani hii haiponyi lakini inaweza kumwongezea miezi. Asiyekula hapewi, kwa sababu itamuua kabla ya ugonjwa. Kuna na heshima ya mtu kukaa na wenzake bila ndoo pembeni.

Hasara zake ni hizi. Ni upasuaji mkubwa kwa mtu aliyekonda. Ushonaji unaweza kuvuja, kidonda kuingia wadudu, mapafu kushika nimonia, damu kuganda miguuni. Atalala hospitali wiki moja hadi siku kumi mambo yakienda vizuri. Na lipo jambo linalowavunja moyo familia nyingi kwa sababu hawakuambiwa kabla: tumbo lililopanuka kwa miezi halirudii kazi kesho yake. Misuli yake imechoka kama mpira uliovutwa mno. Tundu liko wazi, mshono ni mzima, na bado mgonjwa anatapika wiki ya kwanza, pengine ya pili. Si lazima operesheni iwe imeharibika. Wengi hufunguka kwa kusubiri. Ndiyo maana nimesisitiza mpira wa puani siku zile za mwanzo. Baadaye atatumia dawa ya kupunguza asidi, kwani utumbo unaopokea asidi sasa haukuizoea na unaweza kufanya kidonda penye mshono. Na uvimbe uliobaki unaweza bado kuvuja damu. Wikio halizuii hilo.

Kakako hajakosea, waya upo. Sisi tunauita stenti: mrija wa wavu wa chuma, umesukwa mfano wa dema, ule mtego wa samaki, unaopitishwa ukiwa umekunjwa kwa kamera kupitia kinywani, kisha ukajitanua ndani ya palipoziba. Hakuna chale. Wengi hunywa kesho yake. Baba akiwa mvuvi ataelewa upesi kasoro yake: dema lina matundu, na saratani inaota kupita kwenye matundu mpaka inaziba tena. Mara nyingine stenti inateleza na kuhama. Mara nyingine kinyama kisichotafunwa au embe la nyuzi linakwama humo. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 39, wengine wakiunganishwa utumbo, wengine wakitiwa stenti. Wa stenti walianza kula mapema, siku 5 kwa wastani, wenzao 8. Kadiri muda ulivyosonga waliounganishwa ndio waliokula vizuri zaidi, na wa stenti walirudi mara kwa mara kwa matatizo. Shauri lao lilikuwa kwamba anayetarajiwa kuishi miezi miwili au zaidi aunganishwe, na aliye na muda mfupi kuliko huo atiwe stenti. Nami nafuata hivyo hivyo. Huku kwetu naongeza mizani ya njia. Stenti ikiziba, kurudi Mombasa kwa mtu wa Malindi ni kilomita 120. Kwa mtu wa Amu ni mashua, basi na siku nzima. Operesheni inayofanywa mara moja ina uzito mkubwa zaidi kwa anayekaa kisiwani kuliko kwa anayekaa jirani na hospitali.

Ipo njia ya tatu ambayo pengine wataitaja, mpira wa kulishia unaoingizwa kwenye utumbo kupitia ngozi ya tumbo, chini ya palipoziba. Unalisha, lakini hauzuii kutapika, kwa maana mate na asidi bado havina pa kutokea. Peke yake sioni kama unamfaa baba. Ile njia mpya ya kuunganisha tumbo na utumbo kwa kamera yenye mawimbi ya sauti, bila chale, inafanywa katika vituo vichache na nisingependa mwuze mashua kuifuata.

Sasa nikuambie ni wakati gani mimi mwenyewe nisingempasua. Kama baba anashinda kitandani sehemu kubwa ya mchana hata baada ya kurudishiwa maji na chumvi. Kama tumbo limejaa maji yenye saratani, au picha inaonyesha utumbo umebanwa mahali pengi. Hapo wikio moja halisaidii, chakula kitakwama mbele. Kwa mgonjwa wa hali hiyo stenti ikiwezekana ni sawa, na ikishindikana zipo dawa za kupunguza maji ya tumbo, kichefuchefu na maumivu, pamoja na mofini ya kunywa au ya sindano, ambayo ikitumiwa kwa kipimo haimwui mtu wala haimfanyi mteja wa dawa za kulevya. Coast Hospice ya Mombasa kazi yao ni hiyo. Kuwaendea si kukata tamaa, na mnaweza kuwaendea hata kama mmechagua upasuaji. Kwa uliyoniandikia, baba bado ana hamu ya kula na anajua anachokitaka. Akirudishiwa maji akasimama na kutembea mwenyewe, ningemwunganisha.

Lakini nimesoma swali lako nikawaona ami, nikamwona kaka, nikakuona wewe. Baba nimemwona mstari mmoja. Ameambiwa nini? Desturi yetu ni kumficha mgonjwa, tukidhani tunamsitiri. Mzee aliyeisoma bahari miaka arobaini anajua upepo ukigeuka. Anajua. Akifichwa hubaki peke yake na anachokijua, na siku akigundua baada ya upasuaji kwamba uvimbe bado upo, huona amedanganywa na wanawe. Mwombe daktari akae naye, nawe uwepo, amwambie kwa maneno mepesi: ugonjwa hatuwezi kuuondoa, tunaweza kukufungulia njia ya kula, kuna hatari hizi, wataka? Ami zako wasikie jibu kutoka kinywani mwake. Kama atakataa, mheshimuni, na atibiwe kwa njia nyingine. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, na dua viendelee, ni haki yake na ni nguvu yake. Ila mpaka njia ifunguke kombe apewe kwa kulowesha midomo tu, asinywe kikombe kizima.

Kabla ya kusafiri hakikisheni usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa na michango imelipwa, maana bima ya zamani, NHIF, haipo tena tangu Oktoba 2024, na nimewaona watu wakigundua hilo mbele ya dirisha la malipo. Chukueni CD ya picha, majibu ya kinyama na majibu ya damu ya King Fahd. Hospitali ya Coast General ya Mombasa ina kituo cha saratani, kwa hiyo omba daktari wa kemotherapia amwone baba kabla ya operesheni, wasije wakakutana naye baada ya miezi miwili kama mgeni.

Msingoje miadi, nendeni usiku huo huo, kama hajakojoa tangu asubuhi, kama anachanganyikiwa au miguu haimbebi, kama anatapika damu au kitu cheusi kama vumbi la kahawa, kama kinyesi kimekuwa cheusi kama lami, au kama tumbo limekuwa gumu na kuuma ghafla. Macho yakianza kuwa manjano si jambo la usiku huo, lakini daktari aambiwe kabla ya upasuaji, kwani njia ya nyongo nayo inaweza kuwa imebanwa na kushughulikiwa pamoja.

Na wengine mnaosoma: dawa za vidonda vya tumbo hutuliza hata saratani kwa muda. Aliyevuka miaka arobaini anayekonda, anayetapika chakula cha zamani, anayeshiba kwa matonge mawili au chakula kinachomkwama kooni, asinunue pakiti ya pili dukani. Atiwe kamera.

Kahawa na mkate wa baba hukuniuliza, lakini nitakujibu. Mshono ukishika ataanza kwa maji ya kijiko, kisha chai nyepesi na mchuzi uliochujwa, kisha uji mwepesi, kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, naye amekaa wima. Kahawa ikiwa nyepesi, kikombe kile kidogo, sioni kosa baada ya wiki mbili. Mkate wa mofa usubiri mpaka mwezi uishe, na siku ya kwanza uloweke kwenye mchuzi wa samaki mpaka ulegee, autafune polepole. Akitokwa jasho na moyo kumwenda mbio punde baada ya kula, vitu vya sukari vipunguzwe na asinywe pamoja na chakula. Anywe nusu saa baadaye.